Zilizopendwa na Nani?

Katika Kiswahili cha redio, cha mabasi na cha vibanda vya kurushia nyimbo kuna kitenzi kimoja kilichogeuka kuwa jina la bidhaa. Hakuna anayeuliza tena ni vitu gani vilivyopendwa, kwa kuwa ngeli yenyewe imekwisha kutuambia kuwa ni nyimbo. Zamani muuzaji aliandika ZILIZOPENDWA kwa kalamu ya wino juu ya kasha la kaseti. Siku hizi analiandika juu ya faili. Mnunuzi huelewa mara moja: ni muziki wa dansi wa miaka ya 1960 hadi ya 1980, magitaa yanayojibizana, saksafoni, na sauti za watu ambao wengi wao wametangulia mbele ya haki. Nataka kulitetea neno hilo kwanza, kisha niilalamikie kazi linayofanyishwa.

Baadhi ya malenga wenzangu hulilaumu kwa sababu ya kiambishi -li-. Husema kwamba linaufukia upendo ungali hai, na wangependa tuseme zinazopendwa. Sikubaliani nao. Kiswahili sanifu hakiruhusu -me- ikae pamoja na kirejeshi ndani ya kitenzi, hatusemi "zimezopendwa". Kwa sababu hiyo -li- ya urejeshi hubeba mizigo miwili, wa jambo lililopita na wa jambo lililotimia ambalo hali yake ingalipo. Mlango uliofungwa jana huenda mpaka sasa umefungwa. Mzee aliyeketi pale chini ya mwembe bado ameketi. Basi nyimbo zilizopendwa zaweza kuwa zinapendwa hadi leo, na sarufi haina ugomvi na jambo hilo.

Kasoro ninayoiona imo katika ile -w- ndogo ya kutendwa. Kauli ya kutendwa ina hila ya kumruhusu mtenda ajifiche. Zilipendwa, na nani? Na kabla ya kupendwa zilitungwa, na nani? Katika makusanyo mengi ya nyimbo bora yanayozunguka huku kwetu Nachingwea na Ruangwa, swali la kwanza halijibiwi, na la pili halijibiwi kabisa.

Chukueni mfano wa ndugu wa familia ya Kinyonga. Wilson na George walianzia Tanga katika Jamhuri Jazz, wakapiga Arusha pamoja na ndugu yao William, na mwaka 1971 wakawa Nairobi, ambako waliunda Simba Wanyika. Ni kundi la Watanzania lililokulia Kenya, likaimba Kiswahili cha Tanga mbele ya wacheza dansi wa Nairobi, na likarudi kwetu kwa njia ya redio na santuri. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wao, akiwemo mpiga gitaa Omar Shabani, walijitoa na kuunda Les Wanyika. Baadaye Issa Juma naye akawa na Super Wanyika wake. George mwenyewe alitoa baadhi ya kazi kwa jina la Jobiso. Hapo tayari tuna majina manne, na ukoo wa damu uko nyuma ya mawili tu.

Niruhusuni nichepuke kidogo, maana wapenda lugha hawawezi kulipita jina hili bila kusimama. Simba Wanyika ni simba wa nyika. Ile "wa" ni ya uhusiano, nao waliiunganisha na nyika katika maandishi. Walipotoka wenzao, simba alibaki na wenyewe, na waliotoka wakachukua mkia wa jina. Sasa "wa" iliyokuwa ya uhusiano ikageuka kiambishi cha watu, Wanyika, na mbele yake wakaweka "Les" ya Kifaransa, kwa mtindo wa bendi za Kongo, ambayo nayo ni ya wingi. Mnyama mmoja akazaa kabila zima. Tena ni jina ambalo zamani watu wa miji ya pwani waliwaitia Wamijikenda kwa dharau, na hapa limevaliwa kwa fahari na kucheziwa dansi usiku kucha. Sijui darasa gani la uundaji wa maneno lingeweza kutoa mfano mzuri kuliko huo, nami niliutumia kidato cha tatu kwa miaka mingi, mara nyingine mkaguzi akiwa ameketi nyuma.

Turudi barabarani. Panda basi dogo la kutoka Nachingwea kwenda Ruangwa, hasa msimu wa korosho au wa ufuta ambapo abiria ni wengi na dereva ana furaha. Atakuwekea flashi ya zilizopendwa. Utasikia ubeti mmoja na nusu wa Simba Wanyika, kisha dijei anaingia katikati kujitaja jina, kisha Les Wanyika, kisha wimbo wa Morogoro, kisha Simba Wanyika tena bila kiitikio. Ukimwuliza kijana wa karibu nani anaimba, atasema "Wanyika hao", na ukimwuliza Wanyika gani, atakutazama kama mtu aliyeulizwa mvua ya jana ilitoka wingu lipi. "Sina Makosa" imekuwa ya ndugu wa Kinyonga katika nusu ya mafaili niliyoonyeshwa, ilhali ni ya Les Wanyika, yaani ya waliowaacha ndugu hao.

Nilimwendea kijana mmoja mwenye kibanda cha kurusha nyimbo pale sokoni Nachingwea nikamwonyesha kosa hilo. Alinipa kiti kwanza, kama ilivyo adabu.

"Shikamoo mwalimu. Mimi narusha kinachoombwa," alisema. "Mteja anakuja na memori kadi, anasema niwekee za zamani za elfu mbili. Hasemi niwekee za Wilson."

"Angesema ungekuwa nazo?"

"Ningekuwa nazo. Ila nisingejua kama ni za Wilson."

Sina la kumlaumu. Kijana yule na dijei wake wamefanya zaidi ya wengi wetu wenye shahada kuhakikisha nyimbo hizi zinasikika na watoto waliozaliwa baada ya mwaka 2000. Mchanganyiko wa dijei ni barabara ya vumbi, inafika. Ninachodai ni kwamba pawepo pia na kitu kingine cha kufikia.

Tatizo hili wala si la vijijini kwetu. Kundi la ndugu watano wa Gary, Indiana, Jackson 5, lilitoa santuri yake ya kwanza Motown mwezi Oktoba 1969. Desemba 1971 kampuni ikatoa mkusanyo wa nyimbo zao bora kabisa. Miaka miwili! Michael alikuwa na umri wa miaka 13. Katika ushairi, mtu akitoa diwani ya kazi bora za maisha yake akiwa na miaka miwili ya utunzi tungemcheka barazani. Baadaye ndugu hao walipohamia kampuni nyingine, jina la Jackson 5 lilibaki mali ya Motown, wao wakajiita The Jacksons. Jermaine, aliyekuwa amemwoa binti wa mwenye kampuni, Berry Gordy, hakuhama nao. Mwaka 1976 Motown ikatoa mkusanyo mwingine mkubwa zaidi, na bila shaka haukuweza kuwa na wimbo hata mmoja wa maisha yao mapya. Kwa hiyo "bora" ya kwenye jalada ina mpaka, nao ni ukuta wa ghala la mwenye kanda. Sikio la msikilizaji halikuulizwa. Msomaji alinganishe hayo na majina yetu manne ya nyika.

Sasa tazama mapokeo tuliyo nayo sisi wa beti. Tuna neno diwani. (Ukiwa Ruangwa ukasema unatafuta diwani utaelekezwa ofisi ya kata, lakini hilo tunalijua.) Mwaka 1971, mwaka uleule ndugu wa Kinyonga walipoanza Nairobi, ilitoka pia huko *Malenga wa Mvita*, diwani ya Ahmad Nassir Juma Bhalo, iliyohaririwa na Shihabuddin Chiraghdin. Mhariri yule hakutupa mashairi mezani na kuondoka. Alimweleza mshairi, akayafafanua maneno magumu ya Kimvita, akamfanya mtu wa bara kama mimi aweze kuingia katika shairi la pwani bila kubisha hodi mara tatu. Ndiyo sababu nikiwa chuo cha ualimu niliweza kulifundisha shairi la Mombasa kwa wenzangu waliokulia katika Kimwera na Kiyao. Kitabu kilinibeba.

Nauliza: kwa nini mashairi ya Ustadh Bhalo yapate sherehe na utangulizi, na maneno ya Wilson Kinyonga yapate sauti ya dijei? Wapo watakaojibu kwamba dansi si ushairi. Kwamba haina mizani wala vina vya kati. Hoja hiyo ina ukweli kidogo. Nyimbo hizi hazikufuata arudhi, na baadhi ya mistari yake ikisomwa bila gitaa hulegea kama kamba iliyolowa. Lakini nyimbo nyingi za dansi zina muundo unaostahili kuchunguzwa. Kwanza huja masimulizi ya polepole, mtu analalamika au anausia, kwa beti chache zinazorudiwa na badiliko dogo. Kisha mwendo unabadilika, magitaa yanashika hoja, waimbaji wanabaki na kiitikio kifupi, na lile lalamiko la mwanzo linachezwa mpaka linakuwa jambo la watu wote ukumbini. Ukikata sehemu ya pili, umemwacha mlalamikaji peke yake. Ukikata ya kwanza, watu wanacheza bila kujua wanacheza msiba wa nani.

Na kukatwa huko kulianza zamani. Santuri ndogo ya mizunguko 45 ilibeba dakika chache tu kila upande, kwa hiyo wimbo mrefu uligawanywa, sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande wa pili. Mkusanyaji mvivu huchukua upande mmoja. Nimekwisha kusikia nyimbo ambazo kijana wa leo anaamini zinaishia pale ambapo sisi tulikuwa tukiinuka kuigeuza santuri.

Kuna kundi jingine la ndugu linaloonyesha mambo yanaweza kwenda pande zote mbili. Them Mushrooms wa Mombasa, ndugu wa familia ya Harrison, ambao siku hizi huitwa Uyoga, ndio walioimba "Jambo Bwana", wimbo wa Teddy Kalanda Harrison. Wimbo huo umeimbwa na Boney M na na kila bendi ya hoteli ya ufukweni, kiasi kwamba wageni wengi, na wenyeji pia, wanaudhani wimbo wa asili usio na mtunzi. Umependwa hadi ukamla mzazi wake. Lakini ndugu haohao walimrudia mzee Fundi Konde wakafanya naye kazi, na walirekodi upya nyimbo za waliowatangulia kwa jina lilelile la zilizopendwa. Wanamuziki kwa wanamuziki, walikumbuka kutajana.

Ninachopendekeza kwa wasomaji wa ukurasa huu si kikubwa. Tuache kuwasubiri wenye makampuni. Mfululizo wa Zanzibara, uliotolewa Ufaransa chini ya uangalizi wa Werner Graebner, umetupa muziki mzuri wa dansi na taarabu pamoja na vijitabu vya maelezo, na tunamshukuru. Lakini maelezo hayo yameandikwa kwa Kifaransa na Kiingereza. Mwanafunzi wangu wa Ruangwa anafafanuliwa wimbo wa Kiswahili kwa lugha ambayo bibi yake aliyeucheza haijui. Kazi ya kuandika maneno, kutenga beti, kumtaja mtunzi na mwaka, na kuweka sherehe chini kwa msamiati wa Tanga na wa Nairobi wa enzi hizo, ni yetu. Nasi tunao ujuzi huo. Tumeutumia katika tenzi kwa muda mrefu.

Haraka ipo. Wanaozikumbuka nyimbo hizi nzima, pande zote mbili za santuri, sasa wana miaka sitini hadi themanini. Kurasa za intaneti zinazodai kuwa na maneno yake zimejaa vichekesho: nimekuta jina la mwanamke limeandikwa kama kitenzi, na ubeti mzima umeachwa kwa sababu mwandishi hakuusikia vizuri. Mwanafunzi akinakili humo, mtihani wa fasihi simulizi utasahihishwa kwa makosa ya mtu asiyejulikana.

Sisi watu watano, wawili wa Nachingwea na watatu wa Ruangwa, tumeanza na nyimbo tatu za Simba Wanyika. Tunasikiliza, kila mtu anaandika peke yake, kisha tunalinganisha. Mbili zimekamilika. Ya tatu ina neno katika ubeti wa pili ambalo wazee wetu wawili wanalisikia tofauti, na kila mmoja yuko tayari kula kiapo. Mwenye santuri yake ya asili ambayo karatasi ya katikati bado inasomeka, na jina la mtunzi lililoandikwa ndani ya mabano chini ya jina la wimbo, namwomba aipige picha atuletee. Asiipige msasa wala kuisafisha kwa maji.