Samaki wa Nakivale Hulindwa Mbarara

Mvuvi akikutwa na wavu wa matundu madogo nchini Uganda hana pa kujitetea. Wavu huchomwa, mtumbwi hutwaliwa, na mwenyewe anaweza kuishia mahakamani. Mwaka 2017 serikali ilipeleka hata wanajeshi majini kupambana na uvuvi haramu. Sina ugomvi na nia hiyo, kwani samaki mchanga akimalizwa leo, mwakani hakuna cha kuvua. Lakini mtu anayetega pampu ya injini kwenye ukingo wa mto Rwizi mwezi wa Julai, mto ukiwa umebaki mkondo mwembamba, naye anavua samaki wa mwakani. Samaki hao hawaonekani mkononi mwake kwa sababu hawajaanguliwa.

Rwizi huanzia vilima vya Buhweju, hukatiza jiji la Mbarara, kisha huelekea mashariki na kuzama katika mafunjo yanayoshikamanisha maziwa ya Nakivale, Mburo na Kachera. Kutoka huko maji huendelea na safari hadi Ziwa Victoria. Njiani kila mtu ana ndoo yake. Shirika la taifa la maji huchota ya kusambazia jiji, viwanda vya vinywaji na vya maziwa huchota yao, wafugaji hunywesha ng'ombe, wakulima humwagilia migomba na mboga, wafyatua matofali na wachimba mchanga huutafuna ukingo wenyewe. Huko juu milimani vinamasi vilivyokuwa vikishika maji ya mvua na kuyaachia polepole vimekatwa mifereji ili vilimwe. Kinamasi kikikauka Buhweju, mto hufurika ghafla Aprili na kunyauka ghafla Julai.

Wa mwisho kwenye foleni ni wakazi wa Nakivale, kando ya ziwa la jina hilo. Makazi hayo ya wakimbizi katika wilaya ya Isingiro yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa Wanyarwanda, na leo yana watu zaidi ya 150,000, wakiwemo Wakongomani, Warundi na Wasomali. Maji ya bombani huko hutoka Ziwa Nakivale, yakishasafishwa. Kwa mama aliyezoea samaki wa Kivu au wa Tanganyika, kambale na ngege wa Nakivale ndio kitoweo kinachomrudisha nyumbani. Tukumbuke pia kwamba mfumo huu wa Mburo na Nakivale ulitangazwa mwaka 2006 kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Miongoni mwa sababu ni kwamba unahifadhi samaki wa jamii ya ngege waliokwisha kutoweka katika maziwa makubwa. Samaki nao wamekimbilia Nakivale.

Wengi hudhani samaki anahitaji maji tu, na kwamba ziwa likiwa na maji basi yuko salama. Sivyo. Kambale hungoja mvua. Maji yakipanda na kufunika nyasi za kingoni, huingia humo kutaga, na vifaranga hukulia katika maji hayo machache yenye vuguvugu na wadudu tele. Ngege dume huchimba kiota mchangani kwenye maji ya kina kifupi, jike hutaga hapo, kisha huyabeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe. Ziwa likishuka kidogo tu, mahali panapokauka kwanza ni hapo hapo pa viota na vifaranga. Mvuvi haoni hasara siku hiyo. Huiona baadaye, wavu unapotoka na samaki wadogo, naye hushawishika kushona matundu madogo zaidi. Kwa hiyo mto unaochungwa kwa ajili ya samaki unahitaji vitu viwili: kiwango cha chini kisichoguswa wakati wa kiangazi, na furiko lake la mvua lisilozuiwa lote kwenye mabwawa.

Je, sheria ipo? Ipo, tena si haba. Katiba ya 1995 inasema mito, maziwa na ardhioevu vinashikiliwa na serikali kwa amana ya wananchi. Sheria ya Maji inataja uvuvi na uhifadhi wa mimea na wanyama katika malengo yake, sambamba na ufugaji, umwagiliaji na viwanda. Kanuni za 1998 zinataka kibali kwa pampu ya injini inayochota mtoni, na kwa mtambo wowote unaoweza kuchepusha au kuzuia zaidi ya mita za ujazo 400 kwa siku, yaani jerikeni 20,000 za lita 20. Mwaka 2019 Sheria ya Mazingira ilikwenda mbali zaidi na kuyapa mazingira yenyewe haki ya kuwepo na kujirudishia uhai wake, na mtu anaweza kwenda mahakamani kuitetea.

Pengo liko kwingine. Kibali humhesabia mwombaji maji yake, lakini hakianzii kwenye swali la kwanza: mto ubakiwe na kiasi gani? Tanzania ililiweka swali hilo katika Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Matumizi ya nyumbani yanatangulia, kisha akiba ya mazingira, ndipo wengine wagawane kinachosalia. Ilifika hapo baada ya kuumia. Ruaha Mkuu, mto usiokuwa ukikauka, ulianza kukatika kila kiangazi kuanzia 1993, na viboko na samaki wakabanana katika madimbwi ndani ya hifadhi. Huko Usangu, kwenye bonde la juu la mto huo, haki za maji zilikuwa zimeandikwa kwa lita kwa sekunde, lita zilezile masika na kiangazi, kana kwamba mto haujui miezi. Wenye mifereji mipana ya mpunga walikuwa na karatasi halali mkononi huku mto umekufa. Lakini walioondolewa Usangu kwa nguvu mwaka 2006 wengi wao walikuwa wafugaji.

Kisa hicho ndicho kinachonifanya niwe mwangalifu ninapodai usimamizi mkali. Mkulima wa Isingiro aliyeona migomba yake ikikauka katika ukame wa 2016 ana haki ya kuuliza kwa nini samaki atangulie mbele ya watoto wake. Jibu langu ni kwamba maji ya kunywa na ya bustani ya kujilisha yasiguswe, na sheria tayari inayaruhusu bila kibali. Akiba ya mto itoke kwa wanaochota kwa injini ili wauze, na ianzie kwa mkubwa. Msako ukianza na mwenye pampu ya mkopo na kuacha geti la kiwanda, watu hawatauheshimu, na sitawalaumu.

Ningependa kibali cha Rwizi kiandikwe kwa sehemu ya mto badala ya lita. Kipimo cha kina kisimikwe darajani Mbarara, namba yake itangazwe redioni kwa Kinyankole na Kiswahili kama inavyotangazwa bei ya matoke, na kina kikishuka chini ya alama iliyokubaliwa, kila mwenye kibali apunguze kwa uwiano uleule. Ofisi ya kanda ya Victoria inayosimamia maji iko Mbarara. Wilaya ya Mbarara, tangu jiji lijitenge mwaka 2020, ina makao yake Bwizibwera. Isingiro ina yake, Buhweju yake. Wakutane, na mezani awepo mvuvi na mkimbizi wa Nakivale, ambaye hana kura ya kumtisha nayo mwanasiasa yeyote.

Wakati wenyewe ni huu. Shirika la taifa la maji, kwa fedha za Shirika la Maendeleo la Ufaransa, limeelekea mto Kagera kutafuta maji ya Isingiro na Mbarara. Kila lita itakayotoka Kagera ni lita ambayo jiji halitalazimika kuichota Rwizi. Lita hizo ziandikwe kwa jina la mto mapema, maana maombi ya vibali vipya hayatachelewa kufika.