Jua Vifaa Vyako Kabla ya Kufunga Mlango wa Waifai

Wafanyabiashara wanaopokea malipo kwa simu hutuuliza swali hili mara kwa mara: tununue mfumo gani wa kuzuia watu wasiingie kwenye mtandao wetu? Swali ni zuri, ila kwa maoni yetu limeanzia katikati. Mfumo wa kudhibiti mtandao ni kama askari wa getini. Ukimweka kazini bila kumwambia wakazi ni akina nani, atafanya moja kati ya mawili: atamruhusu kila anayepita, ama atamfungia nje mwenye nyumba.

Msimamo wetu ni huu: orodha ya vifaa huja kwanza, na kuiandika ni kazi ya mwenye biashara. Fundi atasaidia, programu itasaidia, lakini ni wewe unayejua kwa nini kile kisanduku cheusi kiko chini ya kaunta.

Pesa inaingia wapi hapa?

Tuondoe kwanza hofu isiyo na msingi. Ukituma pesa kwa USSD, ombi lako linapita kwenye mtandao wa simu. Haligusi waifai ya duka hata kidogo. Ukitumia programu yetu, mawasiliano kati ya simu yako na sisi yamefungwa kwa usimbaji, hata ukiwa kwenye waifai ya watu. Kukaa tu kwenye mtandao mmoja na wewe hakumpi mtu nafasi ya kusoma PIN yako ikipita.

Hatari kubwa iko kwenye vifaa vilivyokaa hapo dukani. Kamera iliyo juu ya kaunta inaweza kuona vidole vya mteja anapobonyeza PIN. Kompyuta ya ofisi ndiyo inayofungua akaunti ya biashara, kupakua taarifa za mauzo na kuidhinisha mishahara. Tableti ya keshia ndiyo inayothibitisha kwamba malipo yameingia. Mara nyingi vyote hivi viko kwenye waifai moja, na nenosiri lake limebandikwa ukutani ili wateja wajisaidie. Mtu akiingia kwenye kamera ambayo bado ina nenosiri la kiwandani, hana haja ya kuvunja mfumo wetu. Anangoja tu mteja abonyeze.

Mambo ya aina hii yameshatokea. Mwaka wa 2013 wezi waliingia kwenye mtandao wa maduka ya Target kule Marekani kwa kutumia nenosiri walilomwibia mkandarasi wa mitambo ya kupozea. Kutoka hapo walifika hadi kwenye mashine za kaunta na kuondoka na taarifa za kadi zipatazo milioni 40. Mwaka wa 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta nyingi duniani kwa kujaribu tu majina na manenosiri ya kiwandani. Katika visa vyote viwili, mlango ulikuwa ni kitu ambacho hakuna aliyekihesabu kuwa kinahusiana na pesa.

Kifaa hutambuliwa vipi?

Mifumo hii haiangalii kifaa kwa macho. Inakusanya dalili, kisha inakisia: hii ni printa, hii ni simu, hii ni kamera. Dalili ya kwanza ni anwani ya MAC, yenye herufi na tarakimu 12. Sita za kwanza kwa kawaida humtaja mtengenezaji. Dalili ya pili hupatikana kifaa kinapoomba namba ya mtandao, yaani DHCP. Kila aina ya kifaa ina namna yake ya kuomba, na namna hiyo humtofautisha wa Windows na wa Android au printa. Dalili ya tatu ni tabia. Kamera hutuma video kwenye kinasa chake. Printa husubiri kazi. Mashine ya ETR hupeleka ankara KRA.

Usitegemee dalili moja. Kuanzia Android 10 na iOS 14, simu hutumia anwani ya MAC ya kubuni kwenye waifai, kwa hivyo simu ya mfanyakazi wako huenda isionyeshe jina la kampuni iliyoitengeneza. Isitoshe, anwani ya MAC inaweza kuigwa na mtu aliyekusudia. Tabia ndiyo ngumu kuigiza. Kamera ikianza kubisha hodi kwenye kompyuta ya mhasibu, basi imetekwa, ama haikuwa kamera tangu mwanzo.

Maandalizi ambayo hayanunuliwi

Kwa SACCO, supamaketi, hoteli au shule inayopokea karo kwa simu, tunashauri kazi ifuate mpangilio huu.

Kwanza, tembea. Chukua daftari, ingia kila chumba, andika kila kinachounganishwa kwa waya au waifai: runinga ya mapokezi, mashine ya alama za vidole ya wafanyakazi, kinasa cha kamera, simu za mezani. Kwa kila kimoja andika kazi yake, nani anakisimamia, na kinafaa kuzungumza na nani. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na vifaa pia ni mali.

Pili, hakikisha swichi na ruta zinaupelekea mfumo habari, hasa nakala ya yale maombi ya DHCP. Hili ni jambo la kumuuliza fundi waziwazi. Mfumo usiopata habari utakuandikia "hakijulikani" kwa karibu kila kifaa, na hapo umenunua askari aliyefungwa macho.

Tatu, acha mfumo uangalie bila kuzuia, na usikatize kabla mwisho wa mwezi haujapita. Kuna vifaa vinavyojitokeza siku za mishahara tu, na kuna kompyuta ya mkaguzi inayoonekana mara moja kwa mwezi. Linganisha unachokiona kwenye mfumo na ulichoandika kwenye daftari. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo kazi yako halisi.

Nne, tenga. Kaunta wawe kwao, ofisi kwao, kamera kwao, wageni kwao. Ndipo uanze kuzuia, tawi moja au ghorofa moja kwa wakati.

Kuna watakaosema kwamba mwezi mzima wa kuangalia ni kumwachia mwizi mlango wazi. Tunaelewa hoja hiyo. Lakini kubadilisha manenosiri ya kiwandani na kuwapa wageni waifai yao hakungoji mwezi, hayo fanya siku ya kwanza. Kinachongoja ni kufungia vifaa nje. Ukikimbilia kufungia, mashine ya ETR itakatika Ijumaa jioni foleni ikiwa imefika mlangoni. Keshia atapiga simu, fundi atazima mfumo wote "kwa muda kidogo tu", na huo muda hautaisha. Mfumo uliozimwa haulindi mtu, hata kama uligharimu pesa nyingi.

Wewe wa duka dogo

Huhitaji kununua mfumo wowote. Ruta yako ina ukurasa unaoonyesha vifaa vilivyounganishwa. Jioni ukishafunga hesabu, ufungue na uhesabu. Kama kuna jina usilolielewa, zima vifaa vyako kimoja kimoja na uangalie ni kipi kinatoweka kwenye orodha. Kitakachobaki wakati umezima vyote, isipokuwa ruta na simu uliyoshika, si chako. Badilisha nenosiri la waifai, na pia lile la kuingilia kwenye ruta yenyewe, kwa sababu hayo ni mawili tofauti. Kisha washa mtandao wa wageni kama ruta inaruhusu, na uigeuze kamera iangalie mlango na rafu badala ya mikono ya mteja.

Orodha hii nayo ina siri za watu

Simu nyingi hujitambulisha kwa jina la mwenyewe. Ukiweka kumbukumbu ya kila simu iliyowahi kuingia kwenye waifai yako, umejua nani alikuja, siku gani, na alikaa muda gani. Hiyo ni taarifa ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ukusanye kile tu kinachohitajika kwa kazi uliyokusudia. Kwa maoni yetu, vifaa vya biashara vijue kwa undani. Vya wageni vitosheke na kujulikana kuwa ni vya wageni, na kumbukumbu zao zifutwe mapema. Kuulinda mtandao hakukupi ruhusa ya kuwachunguza wateja.

Mwisho, tunaomba jambo moja kwa kila anayelipa fundi kufunga waifai, kamera au mashine ya malipo. Usimalizie kumlipa kabla hajakukabidhi karatasi yenye kila kifaa alichoweka, kazi yake, mahali kilipo, na uthibitisho kwamba nenosiri la kiwandani limebadilishwa. Fundi mzuri hataona ni usumbufu. Na siku kifaa kigeni kitakapojitokeza kwenye mtandao wako, utakuwa na kitu cha kukilinganisha nacho.