Magari ufuoni: Raha ya msafiri isiwe msiba wa kasa

KUSAFIRI kando ya bahari kwa gari linalohimili mchanga, na kupiga kambi popote machweo yanapomkuta mtu, ni raha isiyo kifani. Lakini raha hiyo ina gharama. Afrika Kusini ilipopiga marufuku magari ya burudani ufuoni mnamo 2002, wafanyabiashara wa utalii mjini St Lucia walilalamikia hasara.

Hata hivyo, marufuku hiyo ina funzo kwetu. Mayai ya kasa, kama yale yanayotagwa Watamu na Kiunga hapa nchini, hukaa mchangani takriban miezi miwili. Magurudumu hushindilia mchanga juu yake, na alama zake huwa mitaro inayowanasa vifaranga wakielekea majini.

Kenya isimfukuze msafiri. Imtengee kambi mbali na viota, na ada ziwafae wanakijiji. Mgeni njoo, mwenyeji apone.