Matumbawe Yanapauka? Weka Hiyo Chupa Chini

Nimesema kwa mdomo vya kutosha, sasa naandika. Huu mtindo wa kutibu tangi la matumbawe kwa kubahatisha ukome.

Mambo huenda hivi. Tumbawe lililochanua vizuri linaanza kunywea, rangi inafifia. Mwenyewe anamkimbilia muuzaji, naye swali lake ni moja: "Una pesa ngapi?" Kesho yake kuna chupa ya iodini, chupa ya kupandisha pH na chupa ya "vitamini". Zote zinamiminwa siku moja. Wiki ikiisha limebaki fupa jeupe, na ushauri unaofuata ni kununua jingine.

Wadau mnaoandika programu, seva ikianza kukwama, mnabadilisha mistari hamsini kwa mpigo bila kusoma logi? Na ni mkulima gani wa chai huku kwetu atamwaga chokaa shambani kwa kuwa tu majani yamekuwa manjano?

Kupauka ni dalili. Tumbawe likisumbuka hutoa nje mwani mdogo unaoishi ndani yake na kulilisha. Mwaka 1998 El Niño ilipopasha Bahari ya Hindi, matumbawe mengi ya pwani yetu yalipauka na kufa. Nyuzi moja tu ya Selsiasi juu ya kilele cha kawaida, kwa wiki kadhaa, inatosha. Lakini weupe huohuo tangini unaweza kuletwa na taa kali, chumvi isiyo sawa au mabadiliko ya ghafla. Chupa itajuaje ni kipi?

Tena Kericho na Bomet tuna vyanzo vyetu ambavyo hutavisoma kwenye maelekezo ya ng'ambo:

1. Jiko. Usiku ni baridi, madirisha yamefungwa, makaa yanawaka. Kaboni dayoksaidi inajaa chumbani, inaingia majini, pH inashuka. Chota kikombe cha maji ya tangi, pima pH, kisha yapulizie hewa nje ya nyumba kwa saa moja na upime tena. Ikipanda, tatizo ni hewa ya ndani. Fungua dirisha, maana hewa hiyo ni hatari kwako pia. Chupa ya pH itapandisha alkaliniti, gesi ibaki palepale, na alkaliniti ikiruka ghafla inaunguza ncha za matumbawe.

2. Maji ya mvua. Mvua tumejaliwa, lakini ikipita juu ya mabati inaweza kubeba zinki. Maji yaliyolala kwenye bomba la shaba ni mabaya zaidi. Samaki anaweza kuvumilia, tumbawe likafa.

3. Stima. Ikipotea, hita na pampu vinazima. Kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi, maji ya joto lilelile hushika oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 20 kuliko Mombasa. Agosti 25, 2023 giza lilikumba sehemu kubwa ya nchi kwa saa nyingi. Pampu ndogo ya hewa ya betri ina faida kuliko rafu nzima ya chupa.

Kwa hiyo pima kwanza: joto (nyuzi 25 hadi 26), chumvi (gramu 35 kwa kilo ya maji), alkaliniti (dKH 8 hadi 9), kalsiamu (miligramu 400 hadi 450 kwa lita), nitreti na fosfeti. Andika pamoja na tarehe. Badilisha kitu kimoja. Subiri, upime tena.

"Vipimo ni ghali." Jumlisha bei ya chupa tatu na tumbawe lililokufa, halafu turudi kwenye hilo. Tena hasara si yako peke yako. Matumbawe magumu yote yamo kwenye Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES, biashara yake inadhibitiwa, na mengi bado hung'olewa baharini. Likifa lako pale Litein ukanunua jingine, kuna mwamba mahali umepungukiwa.

Unabisha? Karibu, ila uje na vipimo.