Neno la siri la nyumba lisiondoke na fundi



Ndugu msomaji, mwaka uliopita intaneti ya ofisi ya kamati yetu ilikatika kwa siku nne. Umeme ulizimika, modemu ikapoteza kumbukumbu zake, na jina na neno la siri tulilopewa na kampuni ya simu vilijulikana kwa fundi mmoja tu, naye alikuwa safarini. Ada ya mwezi tulikwisha kuilipa, lakini ufunguo wa mlango wetu ulikuwa mfukoni mwa mtu mwingine. Tangu hapo nawashauri wazazi: kazi hii mwenye nyumba aifahamu, hata kama ataifanya fundi.

Sisi tunayo kompyuta kuukuu yenye mfumo wa Linux aina ya Debian, ambao haununuliwi, na laini ya DSL. Intaneti ya DSL hupita katika waya uleule wa simu ya mezani, kwa masafa yaliyo juu ya sauti ya binadamu. Ndiyo maana mama huweza kuzungumza na simu huku mwanawe akisoma. Kila simu iwekewe kichujio chake. Kisipokuwepo, sauti hukwaruza na intaneti hukatikakatika.

Kampuni nyingi za DSL hutumia utaratibu uitwao PPPoE, uliochapishwa mwaka 1999. Kompyuta hupiga hodi, huitikiwa, hutaja jina na neno la siri, kisha hupewa anwani. Modemu yaweza kupiga hodi hiyo yenyewe, au ikapangwa kuwa daraja tu na kompyuta ikapiga. Sisi tulichagua njia ya pili.

Sakinisha programu ya pppoeconf mapema, ungali na mtandao mwingine, kwani bila intaneti hutaweza kuipakua. Iendeshe kwa mamlaka ya msimamizi wa mfumo. Itaitafuta modemu, kisha itakuuliza jina, neno la siri, na kama iunganishe kila kompyuta iwakapo. Baada ya hapo amri ya "pon dsl-provider" huunganisha, "poff" hukata, na "plog" huonyesha yaliyotokea. Ukisoma kwamba jibu la PADO halikuja, hodi haikuitikiwa: kagua waya na modemu. Ukisoma kwamba utambulisho umekataliwa, waya ni mzima. Kosa li katika jina au neno la siri.

Ipo hitilafu moja iliyotusumbua sana. Kurasa nyepesi zilifunguka, nzito zikakwama nusu. Sababu ilikuwa baiti 8 tu. Pakiti ya kawaida ya Ethernet hubeba baiti 1500, lakini PPPoE huchukua 8 kwa bahasha yake, zikabaki 1492. Pakiti iliyojaa kupita hapo hupotea njiani. Pppoeconf ikikuuliza kama ipunguze kipimo cha MSS hadi 1452, jibu ndiyo.

Modemu ikiwa daraja, kompyuta yako hukabili intaneti bila ukuta mbele yake. Weka ukuta wa moto kabla ya kuunganisha, usingoje baadaye.

Mwisho ni amana. Neno la siri huhifadhiwa katika mafaili ya pap-secrets na chap-secrets, ndani ya /etc/ppp, tena kwa maandishi ya wazi. Hakikisha ruhusa zake ni 600, yaani msimamizi peke yake ndiye asomaye. Kisha liandike katika karatasi, uiweke pamoja na hati za nyumba, na watu wazima wawili wajue ilipo. Sisi sasa karatasi hiyo imo katika kabati la mweka hazina, nami ninao ufunguo wa pili. Fundi tunamkaribisha bado, na akiondoka, huondoka na ujira wake tu.