Shaka Iende Kiwanjani

Kutoka Ipagala, hapa Dodoma, hadi Kongwa hazifiki kilomita mia moja. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza ilimtuma John Wakefield na wenzake kuangalia kama karanga zingeweza kulimwa huku kwa wingi, Waingereza wapate mafuta ya kula. Walizunguka wiki tisa, sehemu kubwa ya nchi wakiitazama kutoka ndegeni, wakarudi na mpango wa zaidi ya ekari milioni tatu. Kazi ikaanza mwaka uliofuata pasipo kungoja shamba la majaribio. Mvua ikawa haba. Kiangazi udongo wa mfinyanzi ukakauka kama tofali, karanga zikagoma kung'oka. Mwaka 1951 mpango ulivunjwa, na pauni milioni 36 za walipakodi zikafutwa vitabuni.

Fedha zilikuwapo, na matrekta yalikuwapo. Wagogo walioishi na mvua ile vizazi kwa vizazi nao walikuwapo, lakini watu wenye uhakika kiasi kile hawakuwa na swali la kuwauliza.

Toleo hili linahusu maamuzi makubwa ya maisha, nami nataka kuitetea shaka, kwa kuwa imesingiziwa mengi. Tunaiita woga. Wengine wanaiita upungufu wa imani. Mtazame basi mkulima wa Ugogo, ambaye mvua yake ni ya msimu mmoja na mara nyingi haifiki milimita 600 kwa mwaka. Haiamini mvua hata kidogo, na bado anapanda. Anachagua uwele na mtama, anatawanya mashamba, na baadhi ya ng'ombe anawaweka kwa ndugu wa mbali ili ukame usimmalize kwa siku moja. Shaka yake haikumzuia kuamua. Ndiyo iliyomwelekeza apande nini, wapi, na kwa kiasi gani.

Ipo shaka nyingine, inayokaa kitandani usiku na haiendi kuuliza popote. Hiyo siitetei.

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, wakazi wengi wa Ipagala wameamua mambo kwa haraka: kuhamisha familia, kukopa, kujenga. Dalali wa kiwanja anapiga simu jioni kwamba mteja mwingine anakuja asubuhi na hela mkononi, na ndugu wanakusihi usichelewe. Moyo ukisita hapo, usiukemee. Upeleke ofisi ya serikali ya mtaa, uende kwa majirani wa kile kiwanja, uende ofisi ya ardhi ukaulize hati ni ya nani na mchoro wa mipango miji unasemaje. Wazee wetu walifanya vivyo hivyo kwa ndoa: kabla ya posa, ukoo uliulizwa. Hakuna aliyesema bwana harusi hana mapenzi.

Yako maswali yasiyojibiwa na ofisi yoyote. Kama kazi itadumu, kama mwenzako atapazoea mahali pageni, hutajua mpaka uishi. Kwa hayo nashauri ujiwekee siku ya kuamua, umwambie mtu unayemheshimu, na uamue kwa kiasi ambacho ukikosea watoto bado watakula. Si waandishi wote wa toleo hili wanaokubaliana nami. Mmoja anasema kiasi hicho ni anasa ya wenye mshahara, na hoja yake nimeiweka ukurasa unaofuata.