MAMBO YA UFUNDI: Geji ya Mizunguko Ikinyamaza, Betri Itazamwe

Wengi waendeshao mashua za mashine, katika visiwa vya Lamu na katika Ziwa Victoria, wana geji ndogo karibu na usukani ambayo hawaijali sana. Geji hiyo huitwa takometa, na kazi yake ni kuonyesha injini inazunguka mara ngapi katika dakika moja. Siku mshale wake ulalapo na usiinuke tena, nahodha husema kwamba mashine yenyewe yanguruma vizuri na geji si kitu, kisha huendelea na safari. Haifai kufanya hivyo. Katika mashine nyingi zifungwazo nyuma ya mashua, geji ya mizunguko na betri hunywa katika kisima kimoja. Geji ikikosa maji, yapasa kuulizwa kama betri nayo yapata.

UMEME WATOKA WAPI

Juu ya injini, chini ya kifuniko, liko gurudumu zito lenye sumaku ndani yake. Chini ya gurudumu hilo zimefungwa koili za waya wa shaba ambazo hazizunguki. Sumaku zipitapo juu ya koili, umeme huzaliwa katika waya. Walakini umeme huo huenda na kurudi, na betri haiwezi kuupokea ukiwa katika hali hiyo. Kwa hiyo hupitishwa katika chombo kiitwacho rektifaya, ambacho huufanya uende upande mmoja tu. Katika mashine nyingi za siku hizi rektifaya imeunganishwa pamoja na regyuleta, ambayo kazi yake ni kuzuia umeme usizidi kipimo. Baada ya hapo ndipo umeme uingiapo katika betri.

Geji nayo hupata habari zake papo hapo. Kila ncha za sumaku zipitapo, pigo moja la umeme hupelekwa kwenye geji kwa waya wake wa peke yake. Katika mashine nyingi za Marekani waya huo ni wa rangi ya kijivu, na katika nyingi za Yamaha ni wa kijani. Mashine yenye ncha 12 hutoa mapigo 6 kwa kila mzunguko. Injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, geji hupokea mapigo 30,000, huyagawanya kwa 6, na mshale husimama kwenye 5,000.

Msomaji atakuwa amekwisha ona maana ya jambo hili. Koili ikikatika, au regyuleta ikiungua, mapigo hukoma na mshale hulala. Na saa ileile betri huacha kujazwa.

KWA NINI WATU HUDANGANYIKA

Injini haizimiki mara moja. Mashine nyingi, hasa zile za mtindo wa zamani, zina koili nyingine ya kuwashia plagi ambayo haitegemei betri hata kidogo. Hivyo nahodha husafiri kutwa nzima pasipo kuona kasoro yoyote isipokuwa mshale uliolala. Taabu huja baadaye. Akizima injini ili ategee nyavu, kisha akitaka kuiwasha tena, betri haina nguvu ya kuizungusha. Mashine ndogo yaweza kuvutwa kwa kamba. Iliyo kubwa haivutiki kwa mkono wa mtu. Na zile mashine mpya ambazo petroli yake huingizwa kwa pampu ya umeme, nyingi hukohoa na kuzimika zenyewe volti zishukapo mno, hata kama tangi limejaa. Mtu aliye katikati ya ziwa usiku, upepo ukiwa umeanza kuvuma, ndiye ajuaye gharama ya kuudharau mshale ule.

Lakini liko kosa la pili lililo kinyume cha hilo. Wako wanaokwenda mbio dukani kununua geji mpya, wakaifunga, wakaona nayo imelala kama ile ya kwanza. Fedha zimekwisha, na ugonjwa bado uko. Kupima huja kwanza. Kununua huja baadaye.

JINSI YA KUPIMA

Kinachohitajika ni mita ya umeme, ile ndogo ya mkononi ambayo mafundi wa redio na wa magari huitumia. Mashine na iwe majini, kwa maana injini ikiendeshwa pakavu pampu yake ya maji, ambayo ina mabawa ya mpira, huungua kwa muda mfupi. Mpimaji asivae shuka wala mikono mirefu iliyolegea karibu na gurudumu lizungukalo, wala sigara isiwashwe karibu na betri, kwa kuwa hewa itokayo humo hulipuka.

Kwanza, yatazamwe macho ya betri na nyaya zote. Kutu ya kijani, nati iliyolegea, au waya wa hasi uliokatika ndani ya ganda lake huleta mengi ya matatizo ya mashua za maji ya chumvi. Zifunguliwe, zisuguliwe mpaka zing'ae, zikazwe kwa spana wala si kwa vidole, kisha zipakwe grisi. Fyuzi nayo itazamwe.

Pili, betri ya volti 12 ipimwe injini ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa. Betri iliyojaa huonyesha volti 12.6 au zaidi kidogo, ikionyesha 12.2 imebaki karibu nusu. Ikiwa chini ya 12 iko karibu kuisha.

Tatu, injini iwashwe na kuendeshwa kwa mwendo wa kati, kisha betri ipimwe tena. Mwendo wa pole hautoshi, kwa kuwa koili hutoa umeme kidogo sana injini izungukapo polepole. Mita ikipanda na kusimama kati ya 13.5 na 14.5, betri inajazwa. Ikibaki palepale au ikishuka, haijazwi. Ikipita 15 katika mashine yenye regyuleta, basi regyuleta imeshindwa kuzuia. Betri itachemka, na geji, taa na redio zaweza kuungua.

KUSOMA MAJIBU

Geji ikiwa imelala na betri haijazwi, ugonjwa uko kwenye koili au kwenye regyuleta. Injini izimwe, koili ifunguliwe kutoka kwenye nyaya nyingine, na ipimwe kama waya wake ni mzima kutoka mwanzo hata mwisho. Kipimo chake chapasa kulingana na kile kilichoandikwa katika kitabu cha mashine. Koili iliyobadilika rangi na kuwa nyeusi, au yenye utomvu uliodondoka, imeungua. Rektifaya ya kawaida nayo hupitisha umeme upande mmoja na kuukataa upande wa pili. Ikipitisha pande zote mbili, au ikikataa pande zote mbili, imekufa. Regyuleta za siku hizi hazipimiki zote kwa njia hiyo. Zifuatwe kama kitabu chake kisemavyo.

Geji ikiwa imelala lakini betri inajazwa vema, ugonjwa uko kwenye geji au nyaya zake. Geji huhitaji mambo matatu: umeme wa betri kupitia swichi ya ufunguo, waya wa hasi, na waya wa mapigo. Hayo matatu yakiwapo yote na mshale haujainuka, hapo ndipo inaponunuliwa geji mpya.

Geji ikifanya kazi lakini betri haijazwi, koili ni nzima. Huenda fyuzi imeungua, au waya kati ya regyuleta na betri umekatika, au betri yenyewe imezeeka na haiwezi tena kuhifadhi umeme. Na mshale ukirukaruka, mara nyingi ni waya uliolegea.

GEJI INAYOSEMA UONGO

Iko geji isiyolala wala kurukaruka, ila husema uongo kila siku. Nyuma ya geji nyingi iko swichi ndogo ya kuchagua idadi ya mapigo. Ikiwa injini hutoa mapigo 4 kwa mzunguko, na geji imewekwa kwenye 6, injini ikizunguka mara 4,500 mshale utaonyesha 3,000 tu. Mwenye mashua atadhani mashine imechoka, na pengine atabadilisha pangaboi lililokuwa jema. Watengenezaji hutaja mizunguko ambayo injini yapasa kufikia kwa mwendo wa mwisho, na kwa mashine nyingi ni kati ya 5,000 na 6,000. Isipofika hapo kwa kweli, pangaboi ni zito mno na injini hulemewa, ikipita, hujiumiza. Pasipo geji ya kweli hakuna ajuaye.

MAMBO YANAYOUA REGYULETA

Betri isifunguliwe kamwe injini ikiwa inazunguka. Umeme ambao ungaliingia katika betri hukosa pa kwenda, volti hupanda ghafula, na rektifaya au regyuleta huungua. Hali kadhalika waya wa chanya na wa hasi wasibadilishwe mahali. Kugusana mara moja tu kwaweza kuharibu kazi yote. Kwa sababu hiyo ni desturi njema kupaka rangi nyekundu mwisho wa waya wa chanya, ili hata anayefunga betri gizani kwa tochi asikosee.

Jambo la mwisho ni hesabu ya matumizi. Taa ya wati 60 katika betri ya volti 12 hula ampea 5. Ikiwaka saa 10 za usiku imekula ampea-saa 50, na betri ya 70 imebakiwa na chini ya theluthi. Ikiwa mashine hutoa ampea 6 tu iendapo kasi, itahitaji saa nyingi za mwendo wa kasi kurudisha kilicholiwa. Hapo hakuna chombo kilichoharibika. Ni matumizi yaliyozidi pato, kama nyumba inunuayo kuliko ivunavyo, na dawa yake ni betri ya pili kwa ajili ya taa, ile ya injini ikiachwa kwa kazi yake.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nahodha aangaliaye mshale wake kila asubuhi kabla ya kung'oa nanga, na kuipima betri yake mara moja kwa juma, atauona ufa ukiwa bado mdogo naye bado yuko bandarini, palipo na fundi, duka, na nchi kavu chini ya miguu.